Buu Kwenye Zulia la Bi Somoe

Inatangazwa kwa ndugu, jamaa na marafiki, majirani wote wa Gongo la Mboto, wateja wa zamani wa duka la pampu la Kipawa, pamoja na samaki aina ya trauti popote walipo kwenye mito ya baridi ya Mlima Kilimanjaro, kwamba Mzee Apolinari, mfungaji mabuu wa kwanza na wa mwisho katika kata hii, anasafirishwa kwenda kwao kupumzika. Msafara utaondoka Jumatano alfajiri. Marehemu, yaani mhusika, atasafiri akiwa amekaa.

Tangazo lenyewe, lilipotua kwenye kundi la wasap la ukoo, halikuwataja samaki wala halikusema marehemu. Hayo yameongezwa hapa kwa ajili ya heshima. Mengine yote aliyaandika Brightson, mtoto wa kwanza wa mzee, na aliyaandika kwa uzito ule ule tunaoutumia kusafirisha majeneza, mpaka shangazi mmoja wa Moshi akajibu haraka haraka, "Raha ya milele umpe ee Bwana." Ilibidi apigiwe simu aambiwe kaka yake yuko hai na anakula chapati.

Demetria, mdogo wake Brightson, alilisoma akiwa chumba cha walimu. Chini ya jina la kaka yake palikuwa na lake: "Katibu wa kikao." Kikao chenyewe kilikuwa bado hakijakaa. Kilikuwa kinakaa Jumapili baada ya misa. Lakini Brightson ni afisa utumishi. Kwake yeye barua ya kumstaafisha mtu inaandikwa kwanza, halafu mstaafu anaitwa kusikilizwa.

Na kosa lilikuwa la Demetria pia. Kaka yake alipompigia, alikuwa anafua mashati ya baba, mgongo unamuuma, povu mpaka kwenye viwiko. "Unaniunga mkono au huniungi?" Akasema, "Sawa, kaka." Maneno mawili tu, na baba yake akawa mzigo wa kupakia kwenye basi.

Ishu yenyewe ilikuwa mkono. Masika yaliyopita Mzee Apolinari aliamka na kiharusi, mkono wake wa kushoto umelala. Mguu uliokuwa umelala nao ukaamka, mdomo uliopinda ukanyooka, matusi yakarudi yote na nyongeza juu. Mkono ukabaki kulala. Daktari aliugongagonga akasema upewe muda. Brightson akasikia "umekufa", kwa sababu Brightson alikuwa na nyumba.

Nyumba hiyo iko kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo kule mlimani. Ina bati la buluu, vyumba vya kulala kama hosteli, na nguzo barazani ambazo hazijashika kitu chochote. Familia hulala humo wiki ya Krismasi, ikapiga picha mbele ya nguzo, halafu nyumba inafungwa mwaka mzima na popo wanahamia. Nyumba ya namna hiyo inataka mtu. Mlinzi wa kwanza aliondoka na tanki la maji. Wa pili aliondoka na milango. Baba mzazi mwenye mkono mmoja ataondoka na nini?

Wakati wa hizo Krismasi, mzee mwenyewe alikuwa haonekani kwenye picha. Alikuwa anakaa jikoni, kule nyuma, amebanana na mafiga kutwa nzima, macho kwenye moto. Watu wakapita kwa kunyata. Walisema anaongea na wahenga.

Huku Dar aliwahi kuwa karani wa stoo kwenye duka la Firoz, pale Kipawa ambako ndege hupita chini mpaka unaona abiria wanaosali. Firoz anauza pampu, feni na mota, na ana ugonjwa mmoja: trauti. Huyo ni samaki wa madoadoa, mjanja, mwenye maringo, hakai ila kwenye maji baridi yanayokwenda mbio. Kila akipata likizo Firoz hupanda mlimani kumvua, na kila akirudi, mkewe Gulbahar huvaa miwani akamkagua samaki magamba, maana samaki asiye na magamba haingii kwenye sufuria ya nyumba ile. Magamba anayo, madogo kama vumbi. Gulbahar huyatafuta upya kila mwaka, hataki kuamini kwa mazoea.

Sasa trauti hali mkate. Anachokipenda ni buu fulani anayeishi chini ya mawe ya mto, ambaye hukusanya mchanga na vijiti akajijengea nyumba kama mrija, akaivaa, akatembea nayo. Anajenga bila kiwanja, bila fundi wa kumkimbia, na anamaliza. Mzee Apolinari alimfahamu tangu utoto, akigeuza mawe. Alipomwona Firoz anahangaika na chambo za madukani, akaokota ndoana tupu mezani, akaanza kumfunga buu wa uongo kwa uzi na manyoya. Manyoya ni ya mbuzi, kutoka machinjioni Vingunguti, na yananuka wiki nzima hata ukiyaosha kwa sabuni ya maiti. Waya wa shaba ni wa mota ya feni iliyoungua. Mchanga ni wa uani kwa Bi Somoe, mama mwenye nyumba. Kichwa ni ushanga mmoja mweusi, na huo nao ni wa Bi Somoe, ila haukutoka uani. Ulitoka kiunoni.

"Uzi ulikatika, nikampa," Bi Somoe alisema alipoulizwa. "Mlitaka nizimwage jalalani?"

Familia iliujadili ule ushanga kuliko ilivyowahi kuujadili mkono.

Jumapili wakakusanyika sebuleni kwa Bi Somoe, kwa sababu chumba cha mzee kikiingia watu wawili, wa tatu anakaa na kitasa. Sebule ya Bi Somoe ina sheria moja: viatu mlangoni, uwe nani. Zulia lake ni la rangi ya udongo, lina maua ya kahawia na vidoa vya kijani, na analipenda kuliko waume zake wote waliotangulia. Brightson aliacha makubazi yake ya ngozi mlangoni, akaingia peku, akakaa kwenye kochi la mwenyekiti. Firoz akaingia na soksi. Demetria akakaa karibu na baba yake, kwenye meza ndogo dirishani, akijitahidi asimtazame usoni.

Brightson alisali sala ndefu iliyopitia ajenda zote, ili Mungu asije akasema hakushirikishwa. Kisha akakohoa. "Itifaki imezingatiwa."

"Itifaki gani?" Bi Somoe akauliza. "Tuko watano, na mmoja ndo anayehukumiwa."

"Mama, hapa hahukumiwi mtu. Baba anakwenda kupumzika."

"Kwani hapa anachimba mitaro?"

"Bi Somoe, naomba. Wewe ni mwalikwa." Brightson akamgeukia baba yake, akashusha sauti iwe ya hospitali. "Baba, sisi watoto wako tumekaa, tumetafakari. Ule mkono hauna kazi tena. Kifungo cha shati anakufunga Demetria. Si kweli, dada?"

Demetria akasema, "Ni kweli." Na ilikuwa kweli. Ndiyo maana iliuma.

Mzee Apolinari alikuwa ameulaza mkono wa kushoto mezani, kiganja chini, kama mtu aliyeweka kifurushi cha mwenzake anayemsubiri.

"Mie naomba kusema neno," Firoz akanyoosha kidole. "Mie si ndugu, lakini huyu mzee amekaa stoo kwangu tangu baba yangu yu hai. Nafasi yake ipo. Kiti chake hakuna aliyekikalia. Akiweza kumfunga buu mmoja, huyu mwenye mchanga, Jumatatu anarudi dukani. Sasa mtu mwenye kazi mjini utamsafirishaje, bana?"

Brightson aliutazama ule mkono mezani, akapima, na Demetria akaona kaka yake anatabasamu kwa ndani.

"Buu mmoja," Brightson akasema. "Peke yake. Mtu asimguse, asimsaidie, asimpulizie. Akiweza, anabaki, na mimi mwenyewe natangaza. Asipoweza, Jumatano."

"Sogezeni jiliwa," mzee akasema.

Jiliwa lilikuwa dogo, la kubana ndoana, limefungwa kwa skrubu upande wa pili wa meza ile ile, mzee anapofungia mabuu, na kopo la vifaa vyake kando. Demetria akainuka kulifungua alisogeze karibu.

"Katibu, kaa!" Brightson akafoka. Akakaa, na mzee akasogeza kiti chake mwenyewe.

Mzee alianza vizuri mno, na hilo ndilo lililomtisha Demetria. Kwa mkono wa kulia akaichoma ndoana kwenye ushanga, ushanga ukateleza mpaka kichwani. Akaibana ndoana kwenye jiliwa. Akashika ncha ya uzi kwa meno, akazungusha, uzi ukajilaza juu ya chuma raundi kwa raundi. Bi Somoe akawa anaitikia kila raundi kwa kichwa, kama yuko kwenye maulidi.

Halafu ikaja kazi ya mikono miwili. Waya wa shaba unataka kushikwa huku uzi unazungushwa juu yake. Mzee akaweka waya, waya ukaanguka. Akaweka tena, ukageuka ukatazama kwingine. Jasho likamtoka kipajini. Akavuta uzi kwa nguvu kidogo, na uzi ukakatika, tak, kisauti kidogo kabisa.

"Basi, baba," Brightson akasema kwa upole. "Umejitahidi."

"Nani kasema nimemaliza?"

Akaufungua uzi wote, akaanza upya. Safari hii, alipofika kwenye waya, akaukamata mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauinua kama anavyoinuliwa mtoto aliyesinzia, akauweka juu ya jiliwa, na uzito wake ukaukandamiza waya usiondoke.

"Kipingamizi!" Brightson akanyanyuka nusu. "Huo sio mkono unaofanya kazi. Hilo ni tofali!"

"Tofali halijakatazwa," mzee akasema, uzi mdomoni.

"Halijakatazwa," Firoz akaunga.

"Tena la kuchoma," akasema Bi Somoe.

Waya ukashika. Mzee akapaka uzi nta, akausokotea manyoya ya Vingunguti, na harufu ya mbuzi ikapanda mpaka Bi Somoe akajifunika pua kwa ncha ya kanga bila kuacha kutazama. Manyoya yakajizungusha, yakajaa, yakawa tumbo la mdudu. Waya ukapita juu yake ukiacha pingili. Fundo la kwanza. Fundo la pili likateleza. Mzee akalitukana kwa kilugha, likakubali. Tone la gundi, mchanga wa uani ukanyunyizwa, ukaganda. Pale kwenye jiliwa palikuwa pamekaa kitu kibaya, cheusi, chenye takataka mgongoni na kichwa cha ushanga, na Demetria alikuwa hajawahi kuona kitu akakipenda namna ile.

Ilibaki kumtoa. Mzee akabonyeza mkono wa jiliwa kwa kulia, na kwa mazoea ya miaka yote akaupeleka mkono wa kushoto chini kumdaka buu. Mkono haukwenda. Buu akaanguka, akadunda kwenye ukingo wa meza, akapotea kwenye zulia.

Miguu yote ilikuwa peku, kasoro ya Firoz, na soksi za Firoz zilikuwa na matundu.

"Mtu asitikisike," mzee akasema.

Waliinama walipokaa, wakatafuta kwa macho. Zulia zima lilikuwa mabuu. Punje ya karanga ilikuwa buu, mkaa uliodondoka kwenye chetezo ulikuwa buu, kila ua la kahawia lilikuwa na kichwa cheusi. Bi Somoe alipandisha miguu kwenye kochi akaikumbatia. "Mie nililichagua zulia hili lisionyeshe uchafu," akanong'ona. "Ona sasa."

"Namwona!" Firoz akaonyesha. Ilikuwa mbegu ya limau.

Brightson alitazama, akatazama, kisha ile sura ya mwenyekiti ikamrudia taratibu. "Ndugu wajumbe. Kikao kilitaka buu. Buu yuko wapi?"

"Kaka, umemwona kwa macho yako," Demetria akasema.

"Nimeona baba akihangaika. Kazi ni ile inayokabidhiwa. Mkono umeshindwa kumdaka, sote tumeuona. Hakuna buu, hakuna hoja. Jumatano alfajiri. Kikao kimefungwa."

"Brightson," mzee akasema, "usisimame."

Brightson akasimama. Akapiga hatua moja, ya kiongozi, ya mtu anayeondoka meza kuu kabla ya wengine.

Sauti aliyoitoa haikuwa na itifaki. Alidunda kwa mguu mmoja mpaka kwenye kochi, akaangukia mapajani kwa Bi Somoe, akauinua unyayo juu, na hapo, kwenye nyama ya kisigino, akaonekana buu wa Mzee Apolinari. Amening'inia kichwa nje, ushanga unang'aa, mwili uleule na mchanga wake, hakuna punje iliyotoka.

"Kamla mwenyekiti," Bi Somoe akasema.

"Nitoeni! Demetria, vuta!"

"Ukivuta, unachana," mzee akasema. "Ndoana ina kajino, hairudi nyuma." Alikwishaburuta kiti chake, akakaa mbele ya mguu wa mwanawe. "Leteni uzi. Ule mnene wa shuka."

"Baba, tuite bajaji, twende zahanati..."

"Jumapili? Atakutoa nani, mfagizi?"

Firoz akageukia dirisha, akasema kwa unyonge kwamba yeye damu huwa inamzimisha, na kule mlimani anayemtoa samaki ndoana ni kijana wa mtoni anayelipwa kwa kazi hiyo. Hakuna aliyekuwa na muda wa kumcheka.

Demetria aliwahi kumwona baba akifanya hivi, zamani, kwenye kidole cha Firoz mwenyewe. Unapitisha kitanzi cha uzi kwenye kona ya ndoana. Kidole gumba kinaikandamiza ndoana kwenye nyama, kwa nguvu, ili kajino kaachie. Ndipo mkono mwingine unavuta ghafla, mara moja. Ni kazi ya mikono miwili. Haina jinsi ya meno, na tofali haliwezi, kwa sababu uzito peke yake ukikosea pa kulalia, ndoana inazama zaidi.

"Baba, nikandamize mimi," akasema.

"Sheria ya kikao ni nini?"

"Baba, kikao nimeshakifunga!" Brightson akalia.

"Mimi sijakifunga."

Mzee akakizungusha kitanzi kwa kulia. Kisha akautazama mkono wa kushoto, muda mrefu, kama mtu anayemtazama mpangaji asiyelipa. Bega likapanda kwanza. Kiwiko kikafuata, kikitetemeka. Mkono ukasogea hewani wenyewe, hakuna aliyeubeba, ukaenda kombo, ukagonga kifundo cha mguu wa Brightson, ukapumzika hapo.

"Huo ndio uliokufa!" Brightson akapiga kelele. "Baba, huo mkono umekufa!"

"Basi tulia, usiuamshe vibaya."

Kidole gumba kikatambaa. Kikafika kwenye ushanga, kikateleza. Brightson akaomba kwa jina la Yesu, Bi Somoe akamjibu amina ya kwao. Kidole kikarudi. Demetria aliona ukucha ukibadilika rangi, ukawa mweupe kwa kukandamiza, na akajua kwamba hapo kuna nguvu. Ndogo, lakini ya mwenyewe.

"Brightson," mzee akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ile nyumba yako ya mlimani ina vyumba vingapi?"

"Sit..."

Uzi ukavuma. Buu akaruka juu, akabembea mwishoni mwa kitanzi, na tone moja la damu likafuata nyuma yake kama nukta. Brightson alibaki mdomo wazi, akiwa bado hajamaliza kuhesabu vyumba.

Mzee akampitisha buu mbele ya pua ya kila mjumbe, akamweka kwenye kiganja cha Firoz, ambaye alimpokea akiwa amefumba macho.

"Umekabidhiwa," akasema.

Demetria alisimama, akaangalia kwanza anapokanyaga. "Mimi nilisema sawa kwenye simu," akamwambia kaka yake. "Nilikuwa nafua, nimechoka. Nimefuta. Baba anabaki, na nyumba yako tafuta mbwa."

Brightson alimtazama dada yake, akautazama ule mkono wa kushoto uliokuwa umerudi mapajani mwa mzee ukitetemeka kama umetoka mbio. Bi Somoe alikuwa anamfunga kisigino kwa kitambaa cha kanga, na alikaza.

"Ahadi ni ahadi," Brightson akasema mwishowe.

Lakini mwenyekiti ni mwenyekiti hata akiwa na kisigino cha kanga. Akajiinua kwa kuegemea bega la Firoz, akakohoa, na Demetria akajua hotuba inakuja. "Ndugu wajumbe," Brightson akaanza, sauti bado inayumba, "leo tumeshuhudia jambo kubwa. Nilidhani baba anaukataa mlima. Kumbe mlima anao vidoleni. Mtu anayekaa Gongo la Mboto na kuvifinyanga viumbe vya mto wa babu zake, huyo hajawahi kuondoka kwao. Ule ukimya wake wa kila Krismasi pale motoni, sasa nimeuelewa. Anabaki huku kwa sababu ya wito. Anabaki ili mto uendelee kuishi!" Firoz alikuwa amelowa macho. Hata Bi Somoe alishika shavu. "Baba, kabla sijatangaza kwenye kundi, ukoo utapenda kusikia kwa kinywa chako. Ni nini hasa, ndani ya moyo, kinachokukataza kurudi mlimani?"

Mzee Apolinari alikuwa anakusanya vipande vya uzi juu ya meza, kwa mikono yote miwili, wa kushoto ukichelewa nyuma.

"Kule baridi," akasema.